Je, wajua? Mkate wa Salem uliiva moto ukishatolewa tanurini

Wengi wetu tunalijua Kanisa la Moravian kupitia Rungwe, ambako wamisionari wake walifika mwaka 1891. Zaidi ya karne moja kabla ya hapo, mwaka 1766, Wamoravian wengine walianza kujenga mji wa Salem huko North Carolina, Marekani. Ardhi ilikuwa ya kanisa, na mafundi walifanya kazi chini ya usimamizi wake. Nyumba ya kuokea mikate, iliyojengwa mwaka 1800, baadaye ilishikwa na Christian Winkler na ukoo wake.

Mkate ulipokuwa ukiiva humo, tanurini hapakuwa na moto. Uliivaje basi?

Tanuri la aina hii ni chumba cha matofali chenye dari la kuba na mlango mmoja mdogo. Kuni ziliwashwa humohumo, juu ya sakafu ileile ambayo mkate ungewekwa. Zilipokwisha kuteketea, mwokaji alikokota makaa na majivu nje, akapangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, kisha akafunga mlango kwa muda ili joto lienee sawasawa. Tofali nene hunywa joto taratibu na kulitoa taratibu. Hilo ndilo lililooka. Tena mlango ukifungwa, mvuke wa kinyunya hubaki ndani, na mkate hupata muda wa kuumuka vizuri kabla ganda halijakauka.

Kipimajoto hakikuwapo. Waokaji wa zama hizo walirusha unga kidogo sakafuni: ukiungua papo hapo, wasubiri; ukigeuka kahawia polepole, waingize mkate. Ustadi huo naustahi sana, maana pishi likiharibika, ni tanuri zima la mikate limepotea.

Na Wamoravian walihitaji mikate mingi kwa mpigo. Wana ibada iitwayo karamu ya upendo, iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727: waumini hukaa kwenye viti vya kanisa, wakaimba na kula pamoja. Si meza ya Bwana, ni chakula cha undugu. Huko North Carolina, kila mtu hupewa andazi la kuokwa, tamu kidogo, na kikombe cha kahawa, wakubwa kwa wadogo.

Joto halikupotezwa. Mikate mikubwa ilitangulia tanuri likiwa kali, keki na biskuti zikafuata lilipopoa, na joto la mwisho lilifaa kukaushia matunda.