Walipigwa Mara Nyingi, Wakashinda Vita: Marekani 1775 hadi 1783

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinatutega hapa. Kwetu mkoloni ni yule aliyekuja na bendera, kodi ya kichwa na kiboko. Sasa ukisema wakoloni wa Marekani walipigania uhuru kutoka kwa mkoloni, msikilizaji anakutazama mara mbili, na ana haki. Waliopigana na Uingereza walikuwa walowezi, wengi wao watoto na wajukuu wa Waingereza hao hao, waliokaa kwenye ardhi ya mataifa ya wenyeji. Na katika makoloni yao 13, karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa Mwafrika aliyetiwa utumwani. Basi hapa nitawaita walowezi.

Chanzo cha ugomvi kinajulikana, sitakaa nacho. Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa mwaka 1763 ikiwa na madeni shingoni, ikaanza kuwatoza walowezi kodi zilizopitishwa na Bunge la London ambamo hawakuwa na mbunge hata mmoja. Desemba 1773 makasha 342 ya chai yakamwagwa baharini Boston. Aprili 1775 risasi zikalia kati ya wanamgambo wa walowezi na askari wa Uingereza huko Lexington na Concord, karibu na Boston.

Lililo gumu kueleza ni ushindi. Uingereza ilikuwa na jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani. Walowezi walikuwa na nini? Agosti 1775, George Washington, kamanda wa jeshi lao, akiwa amewazingira Waingereza mjini Boston, aliagiza baruti ihesabiwe. Ikabainika kwamba orodha aliyopewa mwanzo ilijumuisha hata baruti iliyokwisha kutumika. Iliyobaki ilitosha risasi tisa hivi kwa kila askari. Waingereza wangejua siku ile, pengine nisingekuwa na makala ya kuandika. Hawakujua, naye akakaa kimya, akaendelea kuzingira kana kwamba ghala limejaa.

Baruti ilitoka wapi baadaye? Sehemu kubwa ilitoka ng'ambo, hasa Ufaransa, iliyokuwa na kinyongo na Uingereza tangu kushindwa mwaka 1763. Mwaka 1776 Wafaransa walianzisha kile ambacho leo tungekiita kampuni hewa. Ilisimamiwa na Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia, kwa mtaji wa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni moja kutoka kwa mfalme wa Ufaransa na kiasi hicho hicho kutoka Hispania. Kwenye makaratasi ilikuwa biashara ya kawaida. Melini mlikuwa na bunduki, mizinga na baruti. Ufaransa ilikuwa bado haijatangaza vita na mtu.

Halafu kulikuwa na bahari. Kati ya London na New York ni zaidi ya kilomita 5,000 za Atlantiki, na barua ilichukua mwezi mmoja, miwili, au zaidi upepo ukiwa wa mbisho. Waziri alimwandikia jenerali kuhusu hali ambayo ilikwisha kubadilika. Chakula kingi cha jeshi nacho kililetwa kwa meli, kwa kuwa askari waliotoka nje ya mji kutafuta nafaka na majani ya farasi walivamiwa na wanamgambo njiani. Waingereza waliweza kuteka mji wowote wa pwani walioutaka. Waliteka New York 1776, wakateka Philadelphia 1777 ambako ndiko Kongresi ya walowezi ilikokutana. Ulaya, ukiuteka mji mkuu vita vinakaribia kwisha. Hapa wajumbe walipanda farasi wakahamia York, mji mdogo wa ndani, wakaendelea na vikao.

Washington mwenyewe hakuwa bingwa wa kushinda mapigano. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna. Alishindwa vibaya Brooklyn Agosti 1776. Ustadi wake ulionekana usiku wa tarehe 29, alipowavusha askari 9,000 hivi kwa mashua chini ya pua ya adui, na kulipokucha ukungu ukawasitiri waliobaki. Miezi minne baadaye, usiku wa Krismasi, akavuka mto Delaware uliojaa vipande vya barafu, na asubuhi akawakamata askari wa kukodi wa Kijerumani wapatao 900 huko Trenton. Somo alilolipata ni kwamba jeshi lake likiwa hai, uasi uko hai. Mji unaweza kupotea.

Na adui aliyetishia zaidi uhai wa jeshi hilo alikuwa ndui. Mwaka 1776 ndui ilikuwa imelisambaratisha jeshi la walowezi lililokwenda kuivamia Kanada. Mwanzoni mwa 1777 Washington aliamuru askari wachanjwe, kwa siri, ili Waingereza wasije wakashambulia kambi iliyojaa wagonjwa. Chanjo ya wakati ule ilikuwa kuchanja ngozi kwa wembe na kupaka usaha wa mgonjwa. Mtu aliugua kidogo, wachache walikufa, wengi walipona na hawakuugua tena. Ujuzi huo ulianza kutumika Boston mwaka 1721 baada ya Mwafrika mtumwa aliyeitwa Onesimus kumweleza bwana wake kwamba yeye alichanjwa kwao Afrika. Ni nadra kumkuta Onesimus akitajwa kwenye simulizi za vita hivi.

Oktoba 1777 jeshi zima la Jenerali Burgoyne wa Uingereza likasalimu amri Saratoga, jimboni New York, na Februari 1778 Ufaransa ikatia saini mkataba wa ushirika waziwazi. Hispania ikaingia vitani 1779, Uholanzi 1780. Kuanzia hapo manowari za Uingereza zililazimika kulinda visiwa vya sukari vya Karibi, Gibraltar, India, hata pwani ya Uingereza yenyewe.

Upande wa kusini, Jenerali Nathanael Greene wa walowezi alipigana, akapigwa, akarudi nyuma, akapigana tena. Guilford Courthouse, Machi 1781, Waingereza walibaki na uwanja lakini jenerali wao, Cornwallis, alipoteza zaidi ya robo ya askari wake. Akajikokota hadi Yorktown, Virginia, akisubiri meli za kwao. Meli zilizofika kwanza zilikuwa za Kifaransa. Septemba 5, manowari 24 za de Grasse, amiri wa Kifaransa, zilizuia 19 za Waingereza kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake, na mlango wa bahari ukafungwa. Washington na Wafaransa wakachimba mahandaki wakisogea kila usiku, na Oktoba 19 zaidi ya askari 7,000 wa Cornwallis wakaweka silaha chini. Cornwallis alisema anaumwa, akamtuma msaidizi wake. Uingereza bado ilikuwa na majeshi New York na kwingineko, ila Bunge lilikuwa limechoka kulipa; Februari 1782 likapiga kura ya kuacha mashambulizi. Mkataba wa amani ukasainiwa Paris, Septemba 3, 1783.

Ushindi huo haukumfikia kila mtu. Tangu Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wa mfalme, na maelfu walikimbia. Mmoja wao alikuwa Harry Washington, mzaliwa wa eneo la Gambia, aliyetoroka mwaka 1776 kutoka Mount Vernon, shamba la George Washington. Waingereza walipoondoka New York mwaka 1783, alikuwa miongoni mwa Weusi 3,000 hivi walioandikwa kitabuni na kupelekwa Nova Scotia, Kanada ya leo. Mwaka 1792 akavuka bahari tena kwenda Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1800 kampuni ya Kiingereza iliyotawala pale ilipowadai kodi ya ardhi, aliingia kwenye uasi wa kuipinga. Walishindwa, naye akafukuzwa mjini.