Elimu ya uraia mwambao wa Kigoma: tunayoyaamini na yalivyo

Dhana: Watu wa mwambao hawana habari na mambo ya kijiji chao.

Ukweli: Kauli hii niliisikia chini ya mwembe, katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Kigoma, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumeitisha kikao cha elimu ya uraia; walikuja wazee wanne na watoto. Mwenzangu akafunga daftari, akasema hakuna mwamko. Nikatazama ufukweni: mitumbwi imevutwa, taa bado zimening'inia, kina mama wameinama wanageuza dagaa. Waume zao walikuwa wamelala. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na giza likiwepo hakuna mvuvi anayebaki nyumbani. Kumwita mtu huyo saa nne asubuhi ni sawa na kumwita karani saa nane za usiku.

Tulirudi wakati wa mbalamwezi, siku ambazo mwanga wa mwezi huzidi taa na wavuvi hupumzika. Tukaanza saa kumi alasiri, dagaa wakishaanuliwa. Mabenchi hayakutosha. Tangu siku hiyo sipangi ratiba yoyote kabla ya kuuliza mwezi uko wapi.

Dhana: Elimu ya uraia ni elimu ya mpiga kura.

Ukweli: Kura ni siku moja. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na huja kila baada ya miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, unatakiwa uitishwe angalau kila miezi mitatu. Kwa hiyo kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna mikutano kama ishirini, na miradi mingi ya elimu ya uraia huja na mabango wakati wa kampeni, kisha ikatoweka kipindi hicho chote. Inaniuma, maana humo ndimo mwananchi anamohitaji kujua haki yake.

Dhana: Bila posho hawaji.

Ukweli: Sisi wenyewe ndio tuliowazoesha. Watu huja kwa jambo linalowagusa.

Dhana: Mwezeshaji ndiye anayejua, wanakijiji wanakuja kufundishwa.

Ukweli: Nilikuwa na kurasa kumi na mbili kuhusu utawala bora. Nikaziacha, nikaomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, nikaisoma mstari kwa mstari, na kijana mmoja akafafanua kwa Kiha. Tulipofika "ukarabati wa choo cha shule", mama mmoja aliyekuwa bado na magamba mikononi akanisimamisha.

"Mwanangu, rudia hapo. Choo kipi?"

Nikarudia. Wajukuu zake wanasoma pale; choo anakijua, na bati jipya hajaliona. Akauliza kama mtu asiye mjumbe wa halmashauri ya kijiji anaruhusiwa kulisema hilo mkutanoni. Nikamweleza kuwa kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na kwamba halmashauri ya kijiji inawajibika kwa mkutano huo. Si mkutano wa mwenyekiti.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akamgeukia jirani yake: "Dada, mkutano ujao twende wote, na mume wako aamke."

Walikwenda. Mtendaji wa kijiji akatakiwa alete stakabadhi.