Je, wajua kwa nini tovuti huanguka siku inapopata wageni wengi?

Matokeo ya mtihani yakitangazwa, au duka la mtandaoni likishusha bei, tovuti iliyofunguka vizuri mwaka mzima hugoma ghafla. Wengi hulaumu intaneti. Mara nyingi kilichokwisha ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ya seva (kompyuta inayohudumia tovuti), na unaweza kukokotoa mapema itakwisha wageni wakifika wangapi.

Ndani ya seva ya tovuti iliyojengwa kwa WordPress, mfumo maarufu wa kutengenezea tovuti, kuna programu tatu zinazopokezana kazi. Ya kwanza hupokea maombi ya vivinjari kupitia poti (milango ya mtandao) 80 na 443. Zinazojulikana zaidi ni Apache, iliyotoka mwaka 1995, na Nginx, iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma 2004. Ya pili ni PHP, ambayo hutengeneza ukurasa. Ya tatu ni hifadhidata, MySQL au MariaDB, inayotunza makala, bei na oda za wateja.

Sasa hesabu. Chukua seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1. Mfumo endeshi wa Linux na huduma zake hula kama MB 200, hifadhidata MB 300 hivi, zinabaki MB 500. Kila ukurasa unaoombwa hushughulikiwa na mchakato mmoja wa PHP, na kwa tovuti ya kawaida mchakato huo hula takribani MB 50. Kwa hiyo michakato inayoweza kwenda pamoja ni 10. Ukurasa ukitengenezwa kwa nusu sekunde, seva hutoa kurasa 20 kwa sekunde. Ukichukua sekunde 2, hutoa 5 tu. Huo ni ukomo wa juu kabisa, maana prosesa ndogo huweza kuelemewa hata kabla RAM haijajaa. Wanaozidi hupanga foleni, na anayengoja zaidi ya sekunde 60 hurudishiwa na Nginx kosa namba 504.

Foleni ni afadhali. Balaa huja pale mipangilio ilipoachwa kama ilivyokuja. Apache ikiendeshwa kwa mtindo wa zamani uitwao prefork, kila muunganisho hupewa mchakato wake wenye PHP ndani, na kwenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kiwango cha juu kilichowekwa ni michakato 150. Zidisha kwa MB 50: GB 7.5, kwenye mashine ya GB 1! Linux ikiona RAM imekauka huua mchakato mmoja ili mashine isigande, na kwa kawaida huchagua ule unaokula zaidi, ambao mara nyingi ni hifadhidata. Ndipo mgeni anapoona ujumbe kwamba tovuti imeshindwa kuungana na hifadhidata, na mwenye tovuti anahangaika na nywila ambayo haina kosa lolote. Andika amri hii kwenye seva:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Ukiona jina mysqld au mariadbd kwenye majibu, umempata mhusika.

Simu zilizo kwenye mtandao dhaifu huzidisha mzigo. Zinapakua ukurasa polepole, na chini ya prefork mchakato mzima wa MB 50 hungoja, kama mhudumu wa mgahawa anayesimama mezani hadi mteja amalize kula. Nginx haifanyi hivyo: michakato yake michache hushika maelfu ya miunganisho, na PHP hukaa pembeni ikiitwa inapohitajika tu. Kwa seva ndogo yenye wageni wengi wa simu, ningechagua Nginx na PHP-FPM, programu inayosimamia michakato hiyo ya PHP ya pembeni, bila kusita. Kisha fungua faili la www.conf la PHP-FPM, weka pm.max_children, yaani idadi ya juu ya michakato ya PHP, kuwa 8 kwa mashine ya GB 1, na uwashe tena PHP-FPM. Ongeza pia swapu ya GB 2, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, kwa amri hizi, kwa mfuatano huu:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Usisahau kuiandika swapu hiyo kwenye faili la /etc/fstab, la sivyo itapotea mashine ikiwashwa upya.

Huduma ya pamoja ya kuweka tovuti, ile ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), huwa na akaunti nyingi kwenye mashine moja. Hapo hugusi mipangilio hiyo, bali umewekewa ukomo: RAM, prosesa, na idadi ya michakato inayoruhusiwa kuingia kwa pamoja, ambayo mara nyingi ni 20. Ukigonga ukomo huo wa kuingia, mgeni hupata kosa namba 508. Tangazo likisema "bila kikomo", mara nyingi linazungumzia diski na kiasi cha data, si michakato hii, kwa hiyo uliza namba hiyo kabla hujalipa.

VPS, yaani seva pepe ya kukodi, hukupa RAM yako mwenyewe na mamlaka yote, lakini masasisho, ulinzi na nakala rudufu vinakuwa juu yako. Asiye na mtu wa kuvifanya abaki kwenye huduma ya pamoja. Mashine nzima ya peke yako ni ya wachache, hasa wenye hifadhidata kubwa.

Kabla ya kuhama popote, washa kache ya kurasa. Ukurasa hutengenezwa mara moja, unahifadhiwa kama faili, na wageni wanaofuata hupewa faili hilo bila kuamsha PHP wala hifadhidata. Seva ileile ya GB 1 iliyokwama kwenye kurasa 20 huweza kutoa mamia kwa sekunde. Ila kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja ziondoe kwenye kache. Ukizisahau, mteja mmoja anaweza kufunguliwa kikapu cha mwingine, pamoja na jina na anwani yake.