Ile "nta" inayoelea juu ya tambi za haraka

Juzi jirani yangu alinipitishia simu juu ya ukuta. Video ya WhatsApp: mtu kachemsha tambi za haraka, maji yamepoa, juu yake pana utando mweupe. Sauti inasema ile ni nta, inapakwa kiwandani ili tambi zisigandane, na inakaa tumboni siku mbili. "Si ndiyo kazi yako hii? Niambie, kweli au uongo?"

Utando ni wa kweli, nta ni ya uongo. Kile ni mafuta ya mawese, na namna yalivyofika mle ndani ndiyo habari yenyewe.

Nimesomea teknolojia ya chakula, na ukiniuliza kuhusu Indomie (mtaani kwetu kila tambi ya haraka ni Indomie, hata pakiti iwe na jina jingine kabisa) ninaanzia kwenye donge la unga. Mle mna ngano, maji, chumvi, na kitu Wajapani wanachokiita kansui, yaani kaboneti za sodiamu na potasiamu. Jina lisikutishe, ni ndugu wa magadi. Unajua magadi yanavyobadilisha maharage sufuriani, rangi na ulaini. Kwenye ngano yanakaza donge, tambi zinakuwa na ule mvuto wake, na yanaamsha umanjano uliojificha ndani ya unga. Kwa hiyo tambi ya njano si lazima iwe na yai.

Donge linapita kwenye rola mpaka linakuwa kama karatasi, kisha visu vinalikata nyuzi. Mkanda unaopokea nyuzi unakwenda polepole kuliko visu, basi zinasongamana na kujikunja, ndiyo yale mawimbi. Zinapigwa mvuke dakika chache na wanga unaiva. Yaani tambi hiyo imeshapikwa kabla hujainunua. Wewe unairudishia maji tu.

Kuiondolea maji hayo ndiko kunakotofautisha pakiti na pakiti. Njia iliyozoeleka ni kuzamisha kipande kizima kwenye mafuta ya nyuzi joto 150 hivi, kwa dakika moja au mbili. Tazama bagia inavyotoa mapovu ikitumbukia kwenye karai: yale ni maji yanayokimbia kama mvuke. Yakishatoka yanaacha vitundu vidogo sana, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya maji yako ya moto yaingie ndani kwa dakika tatu. Ila mafuta nayo yanaingia. Tambi iliyokaangwa hivi huwa na mafuta kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Kwenye pakiti ya gramu 70 ni karibu kijiko kizima cha chakula, kabla hujafungua kile kipakiti kidogo cha mafuta yenye viungo.

Mbinu hii ni ya Momofuku Ando, aliyeitoa mwaka 1958 kutoka kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, Japani. Mafuta ya mawese hupendwa viwandani kwa sababu ni ya bei nafuu, yanastahimili moto na hayaharibiki upesi. Ubaya wake kwa mwenye video ni kwamba yakipoa yanaganda. Jaribu mwenyewe: chemsha tambi, mimina maji yake kwenye glasi, iweke kwenye friji mpaka asubuhi.

Mpaka hapo, kusema kweli, sijaona cha kuogofya. Mvuke ni ule ule wa sufuria zetu na mafuta ni ya maandazi. Lakini Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, walipopanga vyakula katika makundi manne ya NOVA, mfumo unaovitenga kwa kiasi vilivyosindikwa, tambi za haraka ziliangukia kundi la nne, la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Ukisoma nyuma ya pakiti utaelewa kwa nini: wanga uliobadilishwa, fosfati, gundi za kushikisha, TBHQ ya kuzuia mafuta yasiharibike, E627 na E631 za kukoleza ladha. Vitu hivyo hakuna jiko la nyumbani linalovihifadhi kabatini.

Mimi hata hivyo silalamikii majina hayo. Nalalamikia chumvi. Lebo nyingi haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu, na msomaji anapita. Chukua namba hiyo uizidishe kwa 2.5. Tuseme pakiti imeandikwa miligramu 1,200 za sodiamu: hizo ni gramu 3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Na angalia wamehesabu kwa kipimo gani, maana wengine wanaandika kwa nusu pakiti. Sijawahi kumwona mtu akila nusu pakiti.

Maandishi ya "haina MSG", ile chumvichumvi ya kukoleza ladha, nayapita tu. MSG ina sodiamu asilimia 12 hivi, chumvi ya mezani 39, kwa hiyo mwenye kuikimbia MSG na kukumbatia chumvi hajaenda mbali. Hali kadhalika tambi za kijani "zenye mchicha". Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Mchicha ukiukuta baada ya chumvi, umenunua rangi.

Ninachokitafuta dukani ni mstari wa mafuta kwa gramu 100. Ukikuta 15 na kuendelea, zimekaangwa. Ukikuta chini ya 5, zimekaushwa kwa hewa ya moto. Hizi zinachukua muda zaidi kuiva na zina bei, lakini ndizo ninazozichukua. Na sinunui pakiti zilizoning'inizwa juani mbele ya genge. Mafuta yake yanachakaa, na pua inakwambia mara tu ukifungua.

Halafu kuna zile ambazo watu wanazisahau. Tambi nyembamba za kawaida, zile za kupika na nazi na iliki mwezi wa Ramadhani, nyingi ni unga wa ngano na maji, basi. Zichemshe kwa chumvi kidogo badala ya sukari, tia kitunguu, karoti, bizari na yai. Zinaiva kwa dakika nne au tano. Kwa hiyo raha yote ya tambi za haraka ni kuokoa dakika mbili.

Jirani akaniuliza, sasa zile alizonazo ndani azitupe? Nikamwambia hapana: achemshe, amwage maji yale ya kwanza na mafuta yake, aongeze maji mengine ya moto na mboga, kipakiti cha unga atie nusu. Akasema sawa, ila mwanawe hazichemshi. Anaivunjavunja ndani ya pakiti, anamwagia kipakiti kizima, anatikisa, anatafuna kama bisi akielekea shule. Si mbichi, nilimweleza, imeshapikwa. Lakini hapo hakuna maji ya kumwaga.