Darasa la mtandaoni ndani ya kompyuta: nani atakata tamaa, na lini?

Mwanafunzi wa mtandaoni akipotea, sisi wakufunzi huwa wepesi kusema hana nia. Huku Nyanda za Juu Kusini, ningeshauri tutazame kalenda kwanza. Mvua zikianza Novemba, mwalimu wa Rungwe anayejiendeleza kwa simu anashinda shambani akitoka kazini, usiku umeme hakuna, na bando limekwisha. Wiki inapita hajawasilisha kazi.

Uigaji wa kompyuta unaturuhusu kulijaribu jambo hili bila kumchezea mtu halisi. Ndani ya programu tunaunda wanafunzi wa kubuni, hata elfu moja, kila mmoja na namba ya ari yake na kanuni za kuipandisha au kuishusha. NetLogo, programu ya kuundia uigaji wa namna hii, iliyotoka 1999 na inayopatikana bure, inatosha kabisa.

Tuchukue mfano mdogo wenye namba nilizojipangia tu. Mwanafunzi anaanza na ari 60. Ikishuka chini ya 30, anaacha kozi. Wiki asiyowasilisha kazi inamkata 8, na mkufunzi akikaa kimya anakatwa 4 zaidi. Hesabu inakwenda 48, 36, 24: wiki ya tatu hayupo. Chuo kinachongoja mwisho wa mwezi ndipo kipige simu kinampigia mtu aliyekwishaondoka. Mkufunzi akimjulia hali kila wiki, inakuwa 52, 44, 36. Bado yumo, na pengine mahindi ameshamaliza kupanda.

Kanuni zenyewe hatuziokoti. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanataja mahitaji matatu ya ari: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na wenzako. Mimi hilo la tatu nalipa uzito mkubwa. Anayesoma peke yake usiku kule Makete hana wa kumwambia, “Hata mimi sijaelewa.”

Ila kompyuta haijui tusichoiambia. Matokeo yake lazima yalinganishwe na kumbukumbu halisi za mfumo wa kozi ya mtandaoni: nani aliingia lini, nani aliwasilisha nini. Majina yaondolewe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si ya benki na kampuni za simu peke yake.

Kwa chuo kinachoanza, swali moja linatosha: kuongeza muda wa kuwasilisha kazi Novemba na Desemba, au kutuma ujumbe wiki ya kwanza ya ukimya? Endesheni kila chaguo mara mia, maana bahati nayo imo, kisha mlijaribu lililoshinda kwenye kozi moja tu.