Msitu wa tambiko ukiingia, chuchumaa uangalie chini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, leo naomba tuongee kuhusu mwarobaini. Najua nagusa mti unaopendwa, kila uani upo, kivuli unatoa, dawa unatoa, hata kwetu upo. Ila asili yake ni huko bara Hindi, na ukiingia kwenye misitu yetu ya tambiko unawabana wenyeji, yani miti yetu ya asili.

Watu wakifika msituni wanaangalia juu, wanaona mvule na mkongo wa enzi za mababu, wanasema mbona msitu uko poa tu. Wewe chuchumaa. Chini ya mkongo utaziona mbegu zake zimedondoka, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, lakini mche wa mkongo huuoni, kilichojaa ni vimiche vya mwarobaini vyenye majani ya meno meno, vimebanana utadhani kuna mtu kamwaga mbegu makusudi. Yani wazee wapo, wajukuu hakuna.

Wanaoleta ni popo na ndege, wanakula yale matunda ya njano mitaani halafu wanakuja kutua kwenye miti mikubwa, na miti mikubwa siku hizi imebaki wapi kama sio makaburini na kwenye tambiko? Wenzetu Kenya nao yamewakuta kwenye kaya za Wamijikenda, misitu ambayo UNESCO iliiweka urithi wa dunia mwaka 2008.

Pagumu ni hapa: mwiko wa kutokata mti ndo umetutunzia misitu hii miaka yote, na mwiko huohuo unamlinda pia huyu mgeni, mwarobaini. Kwa hiyo mtaalamu usiingie na panga lako, nenda kwanza kwa wazee wenye tambiko, kauli ni yao.

Wakiruhusu, ng'oeni miche kwa mkono na mizizi yake yote wakati udongo umelowa, huku kwetu ni kama Desemba mpaka Aprili. Ukikata tu, kisiki kinachipua tena. Kinachonipa moyo ni kwamba mbegu ya mwarobaini haidumu ardhini, muda mfupi inakufa, sio kama mlusina, ule mti mwingine wa kigeni wa malisho, ambao mbegu yake ngumu inakaa miaka inasubiri mvua. Wa uani uacheni, ila ule uliosimama hatua chache kutoka msituni ndo unaomwaga kila mwaka, huo kaeni na mwenye nao muongee.