Rojo la Kikrioli ni kitu gani, na pilipili inahusikaje

Ukitafuta pishi la nyama ya kusaga mtandaoni siku hizi hukosi kukutana na "nyama ya Kikrioli", na ukiifungua unaikuta nyama ile ile ya kila siku: kitunguu, nyanya ya kopo, bizari, kisha kijiko kizima cha pilipili ya unga ili ionekane imetoka mbali. Chakula chenyewe hakina ubaya. Jina ndilo la kuazima.

Maana kwanza, tena kwa haraka. Rojo la Kikrioli la nyama ya kusaga ni chakula cha nyumbani cha Louisiana, kusini mwa Marekani. Nyama hukaangwa mpaka iwe ya kahawia, kisha hutokota taratibu ndani ya mchuzi uliotiwa uzito kwa unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, pamoja na kitunguu, pilipili hoho ya kijani na selari. Huliwa juu ya wali mweupe. Kumbe hata nyanya haikutajwa.

Sasa neno lenyewe, maana ndiko fujo inakoanzia. Wareno walisema crioulo na Wahispania criollo, kutokana na kitenzi criar, kulea. Mkrioli alikuwa mtu aliyezaliwa na kulelewa koloni, si aliyetoka ng'ambo, awe mtoto wa bwana au wa mtumwa. Wafaransa wakalifanya créole, nao ndio walioanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718. Mwaka uliofuata ziliingia Louisiana meli za kwanza zilizoleta Waafrika watumwa kwa wingi, na mpunga ukaja kwa njia hiyo hiyo. Kuanzia miaka ya 1760 Wahispania wakatawala, na mwaka 1803 Marekani ikalinunua jimbo zima. Wageni wanaosema Kiingereza walipomiminika, wenyeji wa zamani, weupe, weusi na machotara, wakalishikilia jina la Wakrioli kujitofautisha nao. Kwa hiyo upishi wa Kikrioli ni upishi wa mji huo uliochanganya mikono: ufundi wa michuzi kutoka Ufaransa, pilipili hoho na kitunguu kwa mtindo wa Kihispania, wali na mapishi ya sufuria moja kutoka Afrika Magharibi. Hakuna mahali katika historia hiyo ambapo neno lilipata maana ya "kikali".

Ukali umetoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa umetoka kwa jirani. Kajuni ni wazao wa Waakadia, Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia, Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755, ambao baadhi yao walihamia mashamba na vinamasi vya Louisiana katika miaka ya 1760. Mapishi yao ni ya shamba. Miaka ya 1980 mpishi mmoja wa Kikajuni, Paul Prudhomme, alipata umaarufu mkubwa New Orleans kwa samaki aliyepakwa siagi na viungo vikali na kukaangwa kwenye chuma chenye moto mkali mpaka aive kwa weusi. Kila kiwanda kikataka chupa ya viungo vya namna hiyo, nyingine zikaandikwa "Cajun", nyingine "Creole", na dunia ikaamini kwamba Kajuni na Krioli ni kitu kimoja na kwamba kitu hicho ni pilipili. Ukweli ni kwamba hata samaki yule alikuwa ubunifu wa mpishi mmoja, wala hakuwa chakula cha bibi wa Kikajuni.

Kwetu huku kuna mkanganyiko wa pili, nao una sababu nzuri zaidi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akisikia Krioli anafikiria Shelisheli na Morisi, na ana haki: huko ni lugha na ni watu, na wengi wa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani hii hii yetu, Kilwa na Msumbiji. Jikoni mwao kuna pishi la nyanya, kitunguu, kitunguu saumu na thaimu liitwalo rougaille, linalotiwa soseji, samaki au nyama. Hilo ni la Kikrioli kweli, la Krioli wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo aliyepika nyama ya kusaga kwa nyanya na thaimu hajakosea kupika. Amepika kitu cha Morisi akakibandika jina la Louisiana.

Tukirudi Louisiana, kitu kinacholifanya rojo liwe rojo ni roux, linalotamkwa "ruu". Kwa Kifaransa ni rangi, wekundu wa hudhurungi, na jina lenyewe linakuambia kazi: unga haujawa ruu mpaka ubadilike rangi kwenye mafuta. Kukoroga unga wa ngano au wanga wa mahindi kwenye maji baridi na kuumwaga mwishoni kunaleta uzito, lakini hakuleti ladha. Unachokosa ni ule ukaangwaji, wenye harufu ya njugu zilizobanikwa, na huo hauongezwi baadaye.

Vipimo vya watu wanne: nusu kilo ya nyama ya kusaga yenye mafuta kiasi, gramu 40 za unga wa ngano (vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa), gramu 40 za mafuta (vijiko 3), kitunguu kikubwa kimoja, hoho moja ya kijani, vijiti viwili vya selari, punje tatu za kitunguu saumu, na mililita 600 hivi za supu ya mifupa iliyo vuguvugu. Unga na mafuta hulingana kwa uzito. Wapishi wengi wa huko hupima kikombe kwa kikombe, mafuta yakazidi sana kwa uzito, kisha huyaengua yanapoelea.

Nyama ndiyo inayoharibika kwanza, tena kwa sababu ya mazoea yetu. Nyama ya sambusa tunaichemsha kwa maji yake na limau, tangawizi na thomu mpaka ikauke, na kwa sambusa ndivyo inavyotakiwa. Hapa sivyo. Nyama ikichemka inakuwa ya kijivu, na sufuria haishiki kitu chini. Ukitaka kuiosha, ioshe kabla ya kusagwa, maana iliyooshwa baada ya kusagwa inabeba maji yasiyokamulika. Pasha sufuria nzito vizuri, tandaza nusu ya nyama, usiiguse dakika nne au tano mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, ndipo uivunje. Itoe, weka nusu ya pili. Ukijaza yote kwa pamoja, mvuke utaipika kabla moto haujaibabua. Ule ukoko wa kahawia unaobaki chini usiuoshe wala kuukwangua. Ndio utakaolipa rojo rangi.

Pima mafuta yaliyobaki, ongeza ya kupikia mpaka vijiko 3. Moto wa wastani kushuka chini kidogo, mimina unga, koroga kwa mwiko wenye ncha bapa unaofika kwenye kona za sufuria. Dakika za mwanzo utaona uji mweupe unaonuka unga mbichi. Baadaye rangi ya mchanga, na harufu inageuka. Kati ya dakika 15 na 20 utafika kwenye rangi ya siagi ya karanga au zaidi kidogo, na kwa nyama ya kusaga hapo panatosha. Rangi ya chokoleti nzito ni ya gumbo, supu nzito ya Louisiana, na inahitaji dakika nyingine kama hizo. Jihadhari na jambo moja: kadiri ruu inavyozidi weusi ndivyo uwezo wake wa kutia uzito unavyopungua, kwa sababu joto limeuvunjavunja wanga. Ndiyo maana anayefuata rangi ya gumbo kwa vipimo vya rojo anapata maji ya kahawia, kisha analaumu unga.

Ukiona vidoadoa vyeusi, ruu imeungua. Imwage. Hakuna sukari wala viungo vitakavyouficha uchungu ule, na utaharibu nyama bure.

Rangi ikifika, tia kitunguu, hoho na selari zilizokatwa ndogo, zote kwa mara moja. Watu wa Louisiana huziita utatu mtakatifu, lakini mbali na utani huo zina kazi ya breki: maji yake yanashusha joto na ruu inaacha kukolea. Ndiyo sababu zikatwe kabla hujawasha moto. Koroga dakika tano au sita, kitunguu saumu kifuate mwishoni. Mimina supu kidogo kidogo ukikoroga na kukwangua chini, hapo sasa ukoko uachie. Supu ya baridi kabisa iliyomwagwa kwa mkupuo mmoja huleta madonge. Rudisha nyama, weka chumvi, kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu ya thaimu, na vijiko viwili vya chai vya sosi ya Worcestershire kama unayo. Likichemka, punguza moto, funika nusu, liache dakika 25 hadi 30. Chini ya hapo unga bado unasikika ulimini. Likipaka mgongo wa kijiko na mstari wa kidole ukabaki, limeiva. Likizidi uzito, ongeza supu, usiongeze maji matupu.

Na pilipili kali? Robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Chupa ya pilipili ya maji hukaa mezani, kila mtu ajitilie. Nyanya pia si haramu, kwani wapishi wa New Orleans wanaitumia katika kamba wa Kikrioli na jambalaya nyekundu (wali unaopikwa pamoja na nyama au samaki), na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo hapa hakitamuudhi mtu. Ila nyanya ikiwa ndiyo iliyobeba uzito, hilo si rojo tena, ni mchuzi wa nyanya.

Kwa hiyo unapoandika jina la pishi lako, tazama sufuria kwanza. Kama nyanya na thaimu ndizo zinazotawala, liite rougaille, na watu wa Port Louis, mji mkuu wa Morisi, watakuelewa. Kama ni bizari na pilipili, ni nyama ya kusaga, jina lisilo na aibu yoyote. Na kama ni la Kikrioli la Louisiana unalolitaka, rudisha pilipili kabatini, ukausimamie unga zile dakika 15.